Si Ng'ombe Wanaomaliza Maji, ni Majani Yao

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, huku Nyanda za Juu Kusini. Umri wangu bado haujafika miaka thelathini. Nilisoma chuoni, nikapata cheti, nikapangiwa kazi hapa. Leo sitaandika juu ya vidonge wala sindano. Nataka tuzungumze juu ya maji ya shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa.

Shamba hilo liko juu ya kijiji chetu, mlimani. Huenda na wewe una shamba kama hilo jirani yako. Yapo Tanga. Yapo Kilimanjaro na Arusha. Yapo Iringa na Njombe. Katika miaka ya 1970 Serikali iliunda shirika la DAFCO ili liendeshe mashamba ya namna hiyo. Siku hizi mengi yako mikononi mwa kampuni na watu binafsi. Lakini mwenye shamba awe nani, maji ni yale yale. Yanatoka juu, yanakuja chini.

Shamba la kwetu sitalitaja jina. Siandiki ili kumshitaki mtu gazetini. Naandika kwa sababu naona tunagombana juu ya jambo hili bila kulielewa, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutolielewa.

Nianze na kosa langu.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, watoto wengi walikuja zahanati wakiwa na ugonjwa wa kuhara. Karibu kila asubuhi nilikuta akina mama wamekaa kwenye benchi na watoto waliolegea. Niliwapa chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, niliwapa vidonge vya zinki, na wale waliozidiwa niliwapeleka kituo cha afya. Halafu kila siku nilisimama mbele ya akina mama nikawafundisha. Niliwaambia wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Wanawe kabla ya kupika, kabla ya kulisha mtoto, na baada ya kutoka chooni. Nilisema kwa sauti kubwa, kama nilivyofundishwa chuoni.

Siku moja bibi mmoja alinyanyua mkono. Alikuwa amemleta mjukuu wake. Aliniambia hivi:

"Mjukuu wangu, hayo unayosema nimeyajua tangu kampeni ya Mtu ni Afya. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na baba yako pengine alikuwa bado ananyonya. Mimi ndoo moja naipata saa nane ya usiku. Sasa niambie. Nipikie, nimnyweshe huyu mtoto, au ninawe? Au unataka ninawe kwa mate?"

Wanawake walicheka. Mimi sikucheka. Nilisema tu, "Shikamoo bibi, nimekusikia." Aliitikia "Marahaba," akachukua dawa ya mtoto akaenda zake.

Ndugu msomaji, kampeni ya Mtu ni Afya ilifanyika mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Yule bibi alikuwa mmoja wao. Somo langu alikuwa nalo kichwani zaidi ya miaka arobaini kabla yangu. Alichokosa ni maji.

Nilikwenda kuona

Jioni ile nilifunga zahanati nikapanda kwenye tenki la kijiji. Maji yetu ni ya mserereko. Yanachotwa kwenye kijito juu, yanashuka kwa bomba hadi kwenye tenki, halafu yanakwenda kwenye vituo vya kuchotea. Nilichukua ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Nilikinga pale bomba linapoingilia tenki. Ndoo ilijaa kwa dakika mbili kamili.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Ndoo moja kwa dakika mbili ni ndoo 30 kwa saa moja. Kwa siku nzima, usiku na mchana, ni ndoo 720. Ndoo 720 mara lita 20 ni lita 14,400. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, na kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400. Gawanya 14,400 kwa 25. Unapata watu 576. Kijiji chetu kina watu wanaofika 1,700. Basi hapo ukaona kwa nini bibi anaamka saa nane ya usiku.

Baada ya wiki tatu hivi mashine ya kusukuma maji ya kule shambani iliharibika. Ilikaa siku tatu bila kufanya kazi. Siku ya pili nilirudi kwenye tenki na ndoo ile ile. Ilijaa kwa sekunde 40. Hizo ni lita 43,200 kwa siku. Gawanya kwa 25, unapata watu 1,728. Yaani kijiji kizima!

Habari hiyo ilienea haraka, na hapo maneno yakaanza. Kilabuni kwenye ulanzi watu walisema, "Ng'ombe wa tajiri wanakunywa mto wetu." Wengine walisema ng'ombe wa kigeni ana matumbo manne, kwa hiyo anakunywa mara nne. Hilo la matumbo lilinichekesha. Hata ng'ombe wako wa asili ana tumbo lenye vyumba vinne, na hamalizi kisima.

Niliomba ruhusa ya meneja nikaenda shambani siku ya Jumamosi. Alinipokea vizuri, nami namshukuru. Nilizunguka tangu asubuhi hadi saa nane ya mchana. Nilichokiona sicho nilichokitazamia.

Maji yanakwenda wapi?

Ng'ombe wa maziwa anakunywa maji mengi, hilo ni kweli. Maziwa yenyewe, katika kila sehemu 100, sehemu kama 87 ni maji. Ng'ombe hawezi kutoa maziwa bila kunywa. Kwa makadirio ya kawaida anahitaji lita tatu au nne za maji kwa kila lita moja ya maziwa. Ng'ombe mkubwa wa aina ya Friziani anayekamuliwa lita 20 au zaidi anaweza kunywa lita 80 kwa siku, na siku ya joto kali zaidi ya hapo.

Kisha kuna maji ya kuosha. Banda la kukamulia huoshwa mara mbili kwa siku. Viwele vinaoshwa, mashine zinaoshwa, makopo yanaoshwa, sakafu inaoshwa. Huko New Zealand, nchi inayoishi kwa maziwa, wakadiriaji wa maji huweka lita 70 kwa ng'ombe mmoja kwa siku kwa ajili ya kunywa, na lita 70 nyingine kwa ajili ya kuosha banda. Kwa hiyo kuosha kunaweza kula maji sawa na kunywa.

Sasa hesabu shamba lenye ng'ombe 100 wanaokamuliwa. Kunywa lita 80 mara 100 ni lita 8,000. Kuosha lita 70 mara 100 ni lita 7,000. Jumla ni lita 15,000. Ni maji mengi, lakini bado hayafikii maji yaliyorudi kwenye tenki letu siku ile mashine ilipoharibika.

Jibu nililikuta bondeni nyuma ya mabanda. Huko kuna shamba la majani ya ng'ombe na lusini. Ilikuwa saa saba ya mchana. Jua lilikuwa kali, upepo ulikuwa unavuma, na vinyunyizio vilikuwa vinazunguka. Maji yalikuwa yanaruka juu kama mvua, na mengine yalikuwa yanachukuliwa na upepo kabla hayajagusa ardhi.

Majani yakinyunyiziwa wakati wa kiangazi yanaweza kuhitaji maji ya kimo cha milimita 5 kwa siku. Milimita 5 ni nusu ya sentimita. Unaweza kudhani ni kidogo. Lakini maji ya kimo hicho juu ya mita moja ya mraba ni lita 5. Hekta moja, ambayo ni kama ekari mbili na nusu, ina mita za mraba 10,000. Lita 5 mara 10,000 ni lita 50,000.

Soma tena hapo, ndugu msomaji. Hekta moja ya majani, lita 50,000 kwa siku. Ng'ombe 100 pamoja na kuoshewa banda lao, lita 15,000. Na watu 2,000 kwa lita 25 kila mmoja, pia lita 50,000. Hekta moja ya majani inakunywa sawasawa na kijiji cha watu 2,000. Nilihesabu hatua zangu kule bondeni. Eneo lile halikuwa pungufu ya hekta mbili.

Kwa hiyo mimi nasema tuache kuwasema ng'ombe. Tuseme juu ya majani.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu ng'ombe huwezi kumnyima maji. Akikosa maji maziwa yanapungua siku hiyo hiyo. Banda nalo huwezi kusema lisioshwe. Kiwele kichafu na kopo chafu ni maziwa machafu, na maziwa machafu yanaharisha watoto wa mjini kama maji machafu yanavyoharisha wa kwetu. Mimi ni mtu wa afya, siwezi kumwambia mkamuaji abane maji ya kunawia mikono. Lakini majani yanaweza kupatikana kwa njia nyingine. Huku kwetu mvua inanyesha tangu Novemba hadi Aprili, na majani yanaota mpaka yanatushinda. Shamba lenye matrekta linaweza kuyakata wakati huo, likayakausha yakawa hei, au likayasindilia shimoni pamoja na mahindi mabichi, likafunika vizuri hewa isiingie. Hiyo huitwa sileji. Kiangazi kikifika ng'ombe wanakula ghalani, na kijito kinabaki na maji yake. Na kama ni lazima kunyunyizia kidogo, basi inyunyiziwe usiku au alfajiri, si saa saba ya mchana.

Nilimwambia meneja hivyo. Alisema sileji inahitaji kazi kubwa na fedha za kuanzia. Ni kweli. Lakini sasa gharama hiyo inalipwa na bibi anayeamka saa nane ya usiku, naye hatoi risiti.

Maji yanaporudi

Mpaka hapa nimesema juu ya maji yanayochukuliwa. Kwa mganga, maji yanayorudi yana hatari zaidi, na haya watu wa kwetu hawayasemi sana kwa sababu hayaonekani kwenye ndoo.

Ng'ombe mkubwa anatoa kinyesi na mkojo wa kilo 40 hivi kwa siku. Ng'ombe 100 ni kilo 4,000, yaani tani nne, kila siku. Niliona vijana wanavyosafisha banda. Wanashika mpira wa maji na kusukuma samadi yote kwa maji mpaka mferejini. Mfereji unakwenda kwenye shimo la udongo, na shimo likijaa linamwagikia bondeni. Bonde lile linashukia kwenye kijito chetu, juu ya mahali tunapochotea.

Mmoja wa vijana wale ni wa kijijini kwetu. Nilimwuliza, "Ndugu yangu, hii samadi si ni mali?" Alinijibu, "Ni mali, daktari, lakini toroli limevunjika gurudumu tangu Pasaka." Ilikuwa Oktoba.

Katika kinyesi cha ng'ombe mmekaa vijidudu vya aina nyingi. Vingine havimdhuru ng'ombe mwenyewe, lakini vinamharisha mtu, na aina moja inaharisha damu na kuharibu figo za watoto. Kuna kijidudu kingine kidogo sana, hutoka hasa kwa ndama, ambacho hata dawa ya klorini haikiui vizuri. Kinakufa kwa kuchemsha maji. Na katika mkojo wa ng'ombe mnaweza kuwa na ugonjwa unaoleta homa, macho ya manjano na maumivu ya misuli, unaompata mtu anayekanyaga maji hayo akiwa na kidonda mguuni.

Lakini tuwe wa kweli. Kipindupindu hakitoki kwa ng'ombe. Homa ya matumbo haitoki kwa ng'ombe. Magonjwa hayo mawili yanatoka kwenye kinyesi cha watu. Ukiyaona kijijini, usinyoshe kidole mlimani. Tazama choo chako.

Huenda utasema, huyu kijana anatutisha. Basi nikupe habari ya mji mmoja. Huko Kanada, katika jimbo la Ontario, kuna mji mdogo uitwao Walkerton. Una watu 5,000 hivi. Wana mabomba ndani ya nyumba, wana hospitali, wana barabara za lami. Mwezi wa Mei mwaka 2000 ilinyesha mvua kubwa. Mvua ilibeba samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani ikaingia kwenye kisima kifupi cha mji. Wasimamizi wa maji hawakutia dawa ya kutosha, na vipimo waliandika vya uongo. Watu zaidi ya 2,000 waliugua. Watu 7 walikufa.

Serikali ya huko iliunda tume. Jaji aliyeiongoza aliona kwamba yule mwenye ng'ombe hakuwa na kosa. Alitunza samadi yake kwa kufuata taratibu zilizokuwapo. Kosa lilikuwa kisima kuwa mahali pabaya, na wasimamizi wa maji kulala. Habari hii naipenda kwa sababu hiyo. Mwenye shamba anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado maji yake yakaua. Kwa hiyo tusianze kwa kuuliza kama meneja ni mwema au mbaya. Tuulize samadi iko wapi na maji yanachotwa wapi.

Jambo jingine ni la watoto wachanga. Samadi ikikaa muda mrefu kwenye shimo lisilosakafiwa, chumvi ya naitreti inapenya ardhini mpaka kwenye visima vifupi. Maji hayo yakikorogewa mtoto wa chini ya miezi sita katika chupa, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa, na midomo ikawa ya bluu. Naitreti haitoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana, maji yanapungua na naitreti inazidi kuwa kali. Ninyi akina mama kinga mnayo tayari. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji.

Na ile dawa ya kupe. Mtu yeyote, wa shambani au wa kwetu, anayeosha bomba la kunyunyizia dawa ya kupe kijitoni anamwaga sumu katika chungu cha jirani yake. Hapo sina maneno ya upole.

Usiku wa mabomba

Mwezi wa Novemba, kabla mvua haijaanza, watu fulani walipanda usiku wakakata mabomba ya shamba kwa mapanga. Sijui ni akina nani na sitaki kujua. Asubuhi banda halikuoshwa. Maziwa ya siku mbili yalikataliwa na mnunuzi kwa uchafu yakamwagwa. Yalimwagwa wapi? Mferejini, ndugu msomaji. Yalishuka kijitoni kwetu yakanuka siku nne. Vijana watatu wa kijiji chetu waliokuwa vibarua wakasimamishwa kazi.

Mimi siungi mkono jambo lile, na nililisema wazi ingawa wengine walininunia. Shamba lile linaajiri watoto wetu. Maziwa tunayahitaji, maana watoto wanaokuja kliniki wakiwa na uzito mdogo bado ni wengi. (Yachemshwe lakini, hata yakitoka shamba la kisasa.) Samadi yake ingeweza kunenepesha mahindi yetu. Sitaki shamba lifungwe. Nataka lifanye mambo machache, nayo nimeyaandika kwenye barua niliyompa mwenyekiti wa kijiji.

La kwanza nimekwisha kulisema, ni hei na sileji. La pili, samadi ikwanguliwe kwa koleo na kufagiliwa kabla ya kufungua mpira wa maji. Sakafu iliyokwanguliwa inahitaji maji kidogo sana. Toroli litengenezwe! Gurudumu la toroli halizidi bei ya maziwa ya asubuhi moja. Tena shimo la samadi lisakafiwe kwa saruji, liwe kubwa la kutosha kwa mvua ya masika, na lisimwagikie bondeni. Ikiwezekana wajenge mtambo wa gesi ya samadi, ambao unachukua samadi na maji machafu pamoja, ukatoa moto wa kuchemshia maji ya kuoshea vyombo.

Kuna na jambo moja ambalo hata meneja alilikubali pale pale. Shamba linapoza maziwa kwa kupitisha maji baridi kando ya maziwa ya moto. Maji yale hayagusi maziwa, yanatoka safi, yana uvuguvugu tu. Kwa sasa yanamwagwa. Yangeelekezwa kwenye mabirika ya ng'ombe, wangeyanywa.

Na mapaa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la banda lenye mita za mraba 300, kwa mvua ya milimita 800, linapokea lita 240,000. Toa yanayopotea, hesabu hata 190,000 tu. Maji hayo sasa yanapita kwenye samadi na kuibeba mpaka kwetu. Mfereji wa bati na tenki vingezuia mambo mawili kwa mara moja.

Na sisi je? Nilipopanda kule nilipita kwenye vinyungu vyetu wenyewe. Nilivikuta vimelimwa mpaka kwenye jicho la chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Nilipima kwa hatua. Kinyungu kimoja hakikuwa hata mita 6, na mwenyewe ni mjumbe wa kamati yetu ya maji. Kando yake kuna milingoti iliyopandwa, na milingoti inajulikana kwa kunyonya maji. Ng'ombe wetu nao tunawaingiza kijitoni wakanywa na kunya hapo hapo. Ng'ombe kumi ndani ya maji hawahitaji mfereji wa kuleta kinyesi. Watengenezewe birika pembeni. Tukienda kwa meneja na mikono ya namna hii, atatuonyesha kidole, na atakuwa na haki.

Haki yetu ipo katika sheria. Kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayechepusha maji ya mto kwa ajili ya shamba la biashara lazima awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Kibali kinaonyesha kiasi cha maji anachoruhusiwa. Kumwaga maji machafu mtoni nako kunahitaji kibali. Na Sera ya Maji inaweka mahitaji ya watu mbele ya matumizi mengine yote. Kwa hiyo swali la kumwuliza meneja ni fupi: kibali kinasema lita ngapi, na kiangazi lita ngapi? Mtu anayeuliza hivyo anasikilizwa zaidi kuliko mwenye panga.

Wakati tunangoja, kazi ya nyumbani isisimame. Maji ya kunywa yachuje kwa kitambaa safi, uyaache yatulie, kisha uyachemshe mpaka yatokote kwa nguvu. Huku milimani acha yatokote dakika tatu. Yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Mtoto akianza kuhara mpe chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Vidonge vya zinki ummalizie siku zote ulizoambiwa, hata kuhara kukikoma. Ukiona damu kwenye choo, au macho yamedidimia, au mtoto hawezi kunywa, mlete mara moja. Usingoje asubuhi. Nyumba yangu iko nyuma ya zahanati, na nagongewa usiku bila kinyongo.

Mwenyekiti ameitisha mkutano wa kijiji Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tatu ya asubuhi, chini ya mti wa shule. Meneja amekubali kuja na kibali chake. Afisa wa Bodi ya Bonde ameandikiwa barua. Mjumbe yule wa kinyungu naye ameambiwa afike. Mimi nitakuja na daftari la zahanati lenye hesabu ya watoto walioharisha kila wiki, pamoja na ndoo ya lita 20 na saa. Yule bibi amesema atakaa mbele.